Efekti za Sauti Jukwaani: Kifaa Maalumu au Programu ya Kompyuta?



Kwaya, bendi za dansi, vikundi vya taarab, nyumba za ibada, wenye kumbi za sherehe na wakodishaji wa vyombo vya muziki hufika siku moja mbele ya swali hili: ili sauti ya jukwaani ipendeze, tununue kifaa maalumu cha efekti au tuweke programu ndani ya kompyuta mpakato? Mara nyingi anayekwenda dukani hakubeba fedha yake peke yake. Amebeba michango ya wanakikundi, sadaka za waumini au akiba ya biashara ndogo, na akikosea itachukua muda mrefu kupata fedha nyingine ya kusahihisha kosa hilo.

Sehemu hii ya kijitabu imeandaliwa kwa ajili ya mnunuzi wa namna hiyo. Hatupendekezi chapa yoyote wala duka lolote. Tunalotaka kusisitiza ni kwamba efekti za jukwaani hazipaswi kuchaguliwa kwa uzuri wa sauti peke yake. Njia zote mbili zaweza kutoa sauti nzuri. Zinatofautiana zaidi katika mambo matatu: sauti inachelewa kwa kiasi gani, nini kinatokea chombo kikizimika katikati ya shughuli, na gharama ya kukimiliki baada ya siku ya kununua. Mnunuzi anayeyaelewa mambo hayo matatu ni vigumu kudanganywa.

1. Efekti ni nini, na hufanya kazi gani

Efekti ni badiliko linalofanywa kwa makusudi juu ya sauti baada ya kuingia kwenye maikrofoni na kabla ya kutoka kwenye spika. Zinazotumika zaidi jukwaani ni hizi:

(a) Mwangwi wa ukumbi. Huifanya sauti isikike kana kwamba inaimbwa ndani ya chumba kikubwa, ambamo sauti hugonga kuta na kurudi polepole hadi ikafifia.

(b) Mwangwi wa kurudia. Hurudia neno au noti mara moja au zaidi, kwa nafasi inayopangwa na fundi mitambo.

(c) Kompresa ya sauti. Hushusha sauti inapopanda kupita kiasi, ili mwimbaji anayenong'ona na kisha kupaza asiwaumize wasikilizaji wala asipotee.

(d) Ikwalaiza. Hupunguza au kuongeza besi, sauti za kati na sauti kali, na husaidia kuzuia spika zisipige mluzi.

(e) Geti. Huifunga maikrofoni isiyotumika kwa wakati huo, ili kelele za pembeni zisipenye.

Efekti hizi zimegawanyika katika makundi mawili, na mgawanyo huo ndio msingi wa ushauri wetu wote. Kundi la kwanza ni la mwangwi wa aina zote mbili. Hapa sauti halisi huendelea na safari yake kuelekea kwenye spika, na nakala yake hupelekwa pembeni ikapate mwangwi, kisha vyote viwili huchanganywa. Tutaiita njia ya pembeni. Kundi la pili ni la kompresa, ikwalaiza na geti. Hapa sauti yote hulazimika kupita ndani ya efekti yenyewe, hakuna nakala. Tutaiita njia kuu.

Tofauti hii ni mfano wa mto na mfereji. Mfereji wa pembeni ukiziba, mto huendelea kutiririka. Lakini mto wenyewe ukizibwa, walio chini hawapati hata tone.

2. Kwanza chunguza ulichonacho

Kabla ya kulinganisha bei, tunakushauri ufanye mambo mawili ambayo hayagharimu kitu.

La kwanza, isikilize nafasi mnayotumia. Simama katikati ya ukumbi ukiwa mtupu na upige kofi moja kali. Ikiwa mlio unaendelea kusikika baada ya kofi, nafasi hiyo tayari ina mwangwi wake. Kumbi nyingi zenye kuta za saruji, sakafu ya vigae na paa la bati ziko hivyo. Katika nafasi ya namna hiyo mwangwi wa kununua huongeza tatizo: maneno ya wimbo hupandana, mahubiri hayaeleweki, na fundi mitambo hulaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya efekti ingefaa zaidi kununua mapazia mazito, mazulia au stendi za kuelekeza spika kwa wasikilizaji badala ya kuta. Kinyume chake, uwanjani au chini ya turubai hakuna kuta za kurudisha sauti, na mwimbaji husikika mkavu. Hapo mwangwi kidogo una kazi ya kweli.

La pili, ichunguze miksa yenu. Miksa nyingi za siku hizi, hata ndogo, huja na efekti ndani yake. Mara nyingi hutambulika kwa kitufe cha kuchagulia namba za efekti na kijiti au kitufe cha kiasi chake. Miksa za kidijitali kwa kawaida huwa na kompresa, geti na ikwalaiza kwa kila maikrofoni, pamoja na mwangwi wa aina kadhaa. Zipo kwaya zinazonunua kifaa cha pili huku cha kwanza hakijawahi kuguswa, kwa sababu tu kitabu cha maelezo hakikufunguliwa. Mwite fundi mnayemwamini, mkisome pamoja, kisha mwandike kwenye karatasi jambo moja ambalo miksa yenu haiwezi kufanya na ambalo mnalihitaji. Ikiwa hakuna jambo la kuandika, msinunue.

3. Kifaa na programu si mahasimu

Muuzaji wa vifaa atakuambia kwamba kifaa ndicho chenye sauti ya kweli. Muuzaji wa programu atakuambia kwamba kifaa kimepitwa na wakati. Historia yasaidia kuyapima maneno hayo.

Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ilitoa mtambo wa mwangwi uliotumia bamba kubwa la chuma lililoning'inizwa ndani ya kasha. Sauti ililitikisa bamba, na mtikisiko wake ndio uliogeuka mwangwi. Mtambo huo ulikuwa mzito mno kubebwa na bendi inayosafiri. Mwaka 1976 kampuni hiyohiyo ilitoa mtambo wa kidijitali, EMT 250, ambao ulizalisha mwangwi kwa hesabu badala ya chuma. Tangu hapo vifaa vya mwangwi vilizidi kuwa vidogo na nafuu. Mwaka 1996 kampuni nyingine ya Ujerumani, Steinberg, ilileta mfumo uitwao VST, ambao baadaye uliwezesha efekti kutoka kwa watengenezaji mbalimbali kufanya kazi ndani ya kompyuta ya kawaida.

Funzo tunalolipata ni kwamba kifaa cha kidijitali unachouziwa leo nacho kinaendeshwa na programu. Ndani yake mna kompyuta ndogo iliyotengwa kwa kazi moja tu. Haina barua pepe, haina michezo, wala haijisasishi yenyewe usiku wa manane. Kwa hiyo swali la kweli halihusu sauti ya kifaa dhidi ya sauti ya programu. Swali ni kama kazi yako inahitaji kompyuta ya kazi moja au kompyuta ya kazi nyingi.

4. Kuchelewa kwa sauti

Kila chombo cha kidijitali huichelewesha sauti kidogo, kwa sababu huigeuza kuwa tarakimu, huzifanyia tarakimu hizo hesabu, kisha huzigeuza tena kuwa sauti. Kiasi hicho hupimwa kwa milisekunde. Milisekunde 1,000 ni sekunde moja.

Ili upate picha yake, kumbuka kwamba sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde. Kila milisekunde moja ya kuchelewa ni sawa na kurudi nyuma kiasi cha sentimita 34 kutoka kwenye spika.

Kompyuta ya kawaida hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuifanyia hesabu. Ukubwa wa fungu huitwa bafa, nao huchaguliwa na mtumiaji. Sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 huchukua takribani milisekunde 2.7. Kwa kuwa sauti huingia na kutoka, kuchelewa huwa takribani milisekunde 5.3, ukiacha muda unaoongezwa na kadi ya sauti. Bafa ya sampuli 512 hufikisha takribani milisekunde 21, ambazo ni sawa na mwimbaji kujisikia kupitia spika iliyo umbali wa mita 7. Mwimbaji wa namna hiyo huvuta wimbo nyuma, na mpiga ngoma hupotezana naye.

Mnunuzi atauliza: kwa nini basi nisichague bafa ndogo siku zote? Kwa sababu bafa ndogo huilazimisha kompyuta kufanya hesabu kwa haraka zaidi. Kompyuta dhaifu ikishindwa, sauti hukatika au hutoa milio ya kupasuka. Kwa hiyo mwenye kompyuta dhaifu hubaki kuchagua kati ya kuchelewa na kukatika, na vyote viwili huonekana jukwaani ingawa nyumbani havikuonekana.

Sasa turudi kwenye njia zetu mbili. Kwenye njia ya pembeni, kuchelewa kidogo hakudhuru. Mwangwi wenyewe kwa tabia yake huja baada ya sauti, na milisekunde 10 za nyongeza hakuna atakayezigundua. Kwenye njia kuu, kuchelewa huifuata sauti yenyewe. Hali huwa mbaya zaidi sauti iliyochelewa inapochanganyika na ileile isiyochelewa: baadhi ya sehemu zake hufutana, na mwimbaji husikika kana kwamba anaimbia ndani ya bomba.

Kutokana na hayo tunatoa kanuni ya kwanza: kompyuta yaweza kuaminiwa na mwangwi kabla ya kuaminiwa na kompresa. Miksa au kifaa maalumu kifanye kazi za njia kuu. Programu, ikiwa mnaitaka, ianzie pembeni.

5. Kikizimika, nini kitaendelea?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi kimekodiwa kwenye sherehe ya harusi. Sauti za waimbaji wote zinapita ndani ya kompyuta mpakato kabla ya kufika kwenye spika. Maharusi wamefika mlangoni, wageni wamesimama, wimbo umeanza. Mtu mmoja anakanyaga waya wa USB na kuuchomoa. Katika dakika hiyo hakuna maikrofoni inayosikika ukumbini. Waya utarudishwa, lakini programu itaitafuta kadi ya sauti, pengine italazimika kufungwa na kufunguliwa upya, na maharusi watakuwa wamekwisha kukaa. Dakika ile haitarudiwa, wala salio la malipo ya kikundi halitadaiwa kwa urahisi.

Sasa fikiri kwamba kompyuta ileile iliwekwa kwenye njia ya pembeni. Waya unachomoka, mwangwi unatoweka, sauti zinabaki kavu lakini zinasikika. Wageni wengi hawatatambua kilichotokea.

Kanuni yetu ya pili ni hii: unganisha vyombo kwa namna ambayo efekti ikifa, sauti ibaki hai. Kanuni hii haihusu programu peke yake. Hata kifaa maalumu kikiwekwa kwenye njia kuu na kikakosa umeme, chaweza kuikata sauti. Baadhi ya vifaa huipitisha sauti moja kwa moja vinapozimika na vingine haviipitishi. Muulize muuzaji, kisha mwombe akizime mbele yako sauti ikiwa inapita.

Hatari zinazofaa kuzipima kabla ya kuchagua ni hizi:

(a) Umeme. Unapokatika na jenereta kuwashwa, kompyuta mpakato huendelea kwa betri yake, lakini miksa na kadi ya sauti inayotumia umeme wa ukutani huzimika. Kifaa maalumu kidogo kwa kawaida huwa tayari ndani ya muda mfupi baada ya kuwashwa; kompyuta iliyozimika huhitaji kuwashwa, kufungua programu na kupakia mipangilio. UPS ndogo kwa ajili ya miksa na efekti ni ununuzi wenye faida kuliko efekti ya pili.

(b) Usasishaji na usingizi wa kompyuta. Kompyuta ya jukwaani isipangwe kujisasisha yenyewe, kulala, wala kuonyesha ujumbe. Ikiwezekana isitumike kwa kazi nyingine yoyote.

(c) Leseni. Baadhi ya programu hutaka intaneti mara kwa mara ili kuthibitisha leseni, na nyingine hutaka ufunguo wa USB uwe umechomekwa. Uliza mapema kama programu itafunguka mahali pasipo na mtandao.

(d) Joto na vumbi. Kompyuta iliyowekwa juani au juu ya spika yenye joto hupunguza kasi ili kujilinda. Kasi ikipungua, sauti huanza kukatika.

(e) Mtu mmoja. Ikiwa fundi mmoja tu ndiye anayejua kuitumia programu, siku akiugua kikundi kitakuwa kimepoteza efekti zake zote. Kifaa chenye vitufe vinavyoonekana hufundishika kwa haraka.

6. Bei ya dukani na gharama ya kumiliki

Programu moja ya mwangwi yaweza kuwa nafuu kuliko kifaa, na zipo za bure zilizo halali. Lakini programu haipigi kelele peke yake. Inahitaji kompyuta yenye nguvu ya kutosha, kadi ya sauti yenye njia za kuingiza na kutoa sauti zinazolingana na mahitaji yenu, waya zake, mahali salama pa kuiweka, na ulinzi dhidi ya wizi. Ukiwa na vyote hivyo kwa kazi nyingine, kama vile kurekodi, basi gharama ya ziada ni ndogo kweli. Usipokuwa navyo, linganisha jumla na jumla.

Programu nyingine hazinunuliwi moja kwa moja, hukodishwa kwa malipo ya kila mwezi au kila mwaka. Malipo yakikoma, programu yaweza kugoma. Kikundi chenye mapato yasiyo ya uhakika kisijifunge kwa malipo yasiyokoma bila kuamua kwanza nani atalipa na kwa akaunti ya nani. Tumia barua pepe ya kikundi kusajili leseni. Leseni iliyosajiliwa kwa jina la fundi hubaki kwa fundi anapoondoka.

Kifaa nacho kina gharama zake. Kinahitaji waya za kuingiza na kutoa sauti, kasha la kukikinga safarini, na matengenezo. Kwa kawaida hutoa efekti moja au mbili kwa wakati mmoja, ilhali programu inaweza kufunguliwa mara nyingi kadiri kompyuta inavyohimili. Kwa upande mwingine, kifaa kilichotunzwa chaweza kuuzwa tena, lakini leseni ya programu mara nyingi ina masharti kuhusu kuhamishiwa kwa mtu mwingine.

Kwa kifaa kilichotumika, soma kibandiko cha umeme kilicho nyuma yake. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni volti 120, au Japani, ambako ni volti 100, chaweza kuungua siku ya kwanza kisipokuwa na transfoma inayofaa. Muuzaji akisema "kitafanya kazi tu," mwombe akiwashe mbele yako na aandike hilo kwenye risiti.

7. Programu zilizovunjwa leseni

Kuna watu wanaouza, ndani ya diski ya USB, programu nyingi za efekti kwa bei ya soda. Programu hizo zimeondolewa ulinzi wa leseni. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyozilinda kazi nyingine za ubunifu, na kikundi cha wanamuziki ndicho kinachopaswa kulielewa jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa nacho kinaishi kwa kazi za ubunifu.

Pamoja na suala la haki, kuna suala la usalama. Mtu aliyeivunja programu amepata nafasi ya kuingiza ndani yake chochote anachotaka, pamoja na virusi. Huna wa kumlalamikia ikigoma, hupati marekebisho, na kompyuta yenye kumbukumbu za malipo ya kikundi huwa wazi kwa mgeni usiyemjua. Ikiwa fedha haitoshi, tumieni efekti zilizomo kwenye miksa au programu za bure zinazotolewa na wenyewe. Hakuna msikilizaji atakayeondoka ukumbini kwa sababu mwangwi wenu ni wa bei ndogo.

8. Nani achague nini

Mazingira hutofautiana, na methali inatuonya kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Hata hivyo twaweza kutoa mwongozo wa jumla.

Kwaya au nyumba ya ibada yenye ukumbi wake. Anzeni na efekti za miksa. Mkihitaji zaidi, kifaa maalumu chepesi chenye swichi ya mguu au kitufe cha kuzima mwangwi hufaa, kwa kuwa wanaokiendesha hubadilika kila wiki. Mwangwi uzimwe kila mara mtu anaposimama kuhubiri au kutoa matangazo. Sauti ya kuzungumza yataka uwazi.

Bendi ya dansi inayosafiri. Uimara na wepesi wa kuwasha ndivyo vitangulie. Gari, vumbi, na umeme wa mahali pageni huielemea kompyuta kuliko kifaa. Miksa ya kidijitali yenye efekti ndani yake hupunguza idadi ya waya na sehemu za kuharibika, ila hubeba mayai yote katika tenga moja: ikiharibika, kila kitu kimesimama. Wekeni miksa ndogo ya akiba garini.

Kikundi cha taarab chenye ala nyingi. Fidla, udi, kanuni, akodiani na waimbaji huhitaji maikrofoni nyingi, na kila moja huongeza hatari ya mluzi. Hitaji lao la kwanza ni ikwalaiza na geti kwenye kila njia. Miksa ya kidijitali hulitimiza hilo kwa gharama ndogo kuliko kununua vifaa vimojavimoja.

Kikundi kinachotegemea efekti maalumu. Wapo wanamuziki ambao nyimbo zao zimerekodiwa kwa efekti ambayo haipatikani ila kwenye programu fulani, na mashabiki wataisubiri. Hapo programu ni chaguo la haki. Iwe kwenye kompyuta iliyotengwa kwa kazi hiyo, ijaribiwe kwa muda wote wa onyesho na si kwa wimbo mmoja, na ipitie njia ya pembeni kila inapowezekana.

Mkodishaji. Mteja wake halipii efekti, hulipia uhakika. Awe na njia mbili za kupata mwangwi, na moja kati ya hizo isitegemee kompyuta.

9. Siku ya kununua

Nenda na fundi mitambo wenu, maikrofoni yenu na, ikiwezekana, mwimbaji wenu. Kisha fuata hatua hizi:

(i) Eleza jambo moja mliloliandika kwenye karatasi. Muuzaji akionyesha kitu kisicholijibu, mrudishe kwenye karatasi.

(ii) Jaribu kwa sauti ya mtu, si kwa wimbo uliorekodiwa. Mwimbaji avae hedifoni, aimbe, na aseme kama anajisikia akichelewa.

(iii) Zima efekti sauti ikiwa inapita, kisha iwashe. Tazama saa: imechukua muda gani kuwa tayari?

(iv) Kwa programu, tumia kwanza kipindi cha majaribio cha bure kama kipo, kwenye kompyuta ileile mtakayoitumia. Soma mahitaji ya kompyuta yaliyotajwa na mtengenezaji, na uhakikishe toleo la mfumo wenu linakubalika.

(v) Uliza kuhusu waranti: ni ya muda gani, inatolewa na nani, na kifaa kitapelekwa wapi kikiharibika. Waranti ya mdomo haina mashiko, iandikwe.

(vi) Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na kiasi ulicholipa. Itunzwe na mweka hazina, na nakala ipigwe picha, kwa kuwa maandishi ya risiti hufifia.

Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumhadaa mlaji. Ukiuziwa kifaa kilichotumika kwa jina la kipya, au programu iliyovunjwa leseni kwa jina la halali, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na umweleze tatizo kwa maandishi. Asiposikia, peleka lalamiko lako Tume ya Ushindani. Lalamiko lenye risiti, picha na tarehe hushughulikiwa kwa wepesi kuliko maneno matupu.

10. Kabla ya onyesho la kwanza

Mkishanunua, fanyeni zoezi moja ambalo mafundi wengi hulikwepa. Siku ya mazoezi, wimbo ukiwa katikati, mtu mmoja achomoe waya wa efekti bila kutoa taarifa. Sauti za waimbaji zikiendelea kusikika, mmeunganisha vizuri. Zikinyamaza, mmegundua kosa mbele ya wenzenu wachache, wala si mbele ya ukumbi uliojaa watu waliolipa. Badilisheni muunganisho, kisha mchomoe tena.

Kifaa na programu vyote ni watumishi wa sauti ya mwanadamu. Nunueni kile ambacho kikilala katikati ya kazi, mwimbaji wenu ataendelea kusikika.